Bibi Maria Montessori, Mwalimu wa Watoto Walioachwa

Kila mmoja wenu anakumbuka jinsi alivyofundishwa kuhesabu katika darasa la kwanza. Labda mwalimu aliwaagiza mlete vijiti kumi kutoka nyumbani, au punje za mahindi, au kokoto za mtoni, nanyi mkazipanga chini moja moja. Wengi wenu mlielewa upesi, mkaviacha vijiti, mkaanza kuandika tarakimu. Lakini bila shaka mnamkumbuka pia mwenzenu mmoja aliyebaki nyuma. Aliweza kutaja moja, mbili, tatu, nne, kama mtu aimbaye wimbo. Lakini alipoagizwa kuleta vijiti vinne, alileta vitatu, au saba. Wenzake walimcheka. Pengine mwisho aliacha kuja shule, na watu wakasema kwamba hana akili.

Habari hii ni ya mwanamke mmoja aliyewaona watoto wa namna hiyo, tena wengine wazito kuliko huyo mwenzenu, akakataa kusadiki kwamba hawawezi kufundishwa. Hakuwapa dawa, wala hakuwapiga, wala hakuwahubiri sana. Aliwapa vitu vya kushika mikononi. Jina lake ni Maria Montessori.

UTOTO WAKE NA MASOMO YAKE

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona, katika nchi ya Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda sana kusoma vitabu, katika siku ambazo wanawake wengi wa nchi ile hawakujua kusoma hata barua. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, wazazi wake walihamia Roma, mji mkuu wa nchi, naye akakulia huko.

Msichana huyo alipenda hesabu. Alipokuwa wa miaka 13 aliingia katika shule ya ufundi, ambayo wanafunzi wake karibu wote walikuwa wavulana, kwa kuwa alitaka kuwa mhandisi. Baadaye akageuza nia, akataka kuwa daktari. Hapo baba yake alikasirika, maana katika desturi za siku zile kazi ya udaktari ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume tu. Mama yake ndiye aliyesimama upande wake.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma. Akasoma kwanza elimu ya viumbe, kisha akapokewa katika masomo ya udaktari. Njia yake haikuwa nyepesi. Wanafunzi wanaume walimdhihaki. Tena ilihesabiwa kuwa aibu kwa mwanamke kuutazama mwili wa maiti pamoja na wanaume. Kwa hiyo wenzake walipofundishwa kupasua maiti mchana, yeye alilazimika kuingia peke yake jioni, wote wakiisha kuondoka, akafanya kazi yake kwa mwanga wa taa kati ya wafu. Aliogopa, lakini alirudi tena siku ya pili. Mwaka 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa madaktari.

WATOTO WALIOFUNGIWA

Mwaka uliofuata alianza kufanya kazi katika hospitali ya chuo, mahali walipotibiwa wagonjwa wa akili. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuzizuru nyumba walimofungiwa wendawazimu mjini Roma. Huko aliona jambo lililomchoma moyo. Pamoja na watu wazima wenye wazimu walikuwamo watoto. Hawa hawakuwa na wazimu. Walikuwa watoto wazito wa kujifunza: wengine walichelewa kusema, wengine hawakuweza kutumia mikono yao vema, wengine walisahau leo waliyoambiwa jana. Watu wa siku zile waliwaita majina mabaya, wakawafungia humo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka.

Inasimuliwa kwamba siku moja alionyeshwa chumba cha watoto hao. Kilikuwa kitupu kabisa, hakina kitu ila kuta na sakafu. Mwanamke aliyewaangalia alimwambia kwa kuchukia kwamba watoto hawa ni kama wanyama, maana wakiisha kula hujitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari Montessori akawatazama kwa makini. Akaona kwamba hawakuyaokota makombo kwa sababu ya njaa. Waliyashika, wakayafinyanga kwa vidole, wakayageuza huku na huku. Katika chumba kile hapakuwa na kitu kingine chochote cha kushika. Akafahamu kwamba mikono ya watoto ilikuwa na njaa, wala si matumbo yao.

Tangu siku zile alianza kushika neno moja ambalo madaktari wengi hawakulikubali: kwamba uzito wa watoto hao ulihitaji mwalimu kuliko kuhitaji daktari.

WALIOMTANGULIA

Mtu mwenye busara hutafuta kwanza kama yuko aliyeipita njia yake kabla yake. Daktari Montessori alivitafuta vitabu vya kale, akaona kwamba Wafaransa wawili walikuwa wametangulia.

Wa kwanza ni Daktari Itard. Karibu na mwaka 1800 alionekana katika wilaya ya Aveyron, Ufaransa, mvulana aliyekuwa akiishi msituni peke yake, asiyejua kusema. Itard alimchukua, akamfundisha kwa miaka kama mitano. Mvulana hakupata kusema vema hata mwisho, lakini Itard alijifunza kwake jinsi ya kumwamsha mtu kwa njia ya kuona, kusikia na kugusa.

Wa pili ni mwanafunzi wa Itard, jina lake Édouard Séguin, aliyezaliwa mwaka 1812. Huyu aliwafundisha watoto wazito mjini Paris, na baadaye akahamia Marekani, akafa huko mwaka 1880. Séguin aliwafanyizia watoto vitu vingi vya kuchezea vyenye mafunzo ndani yake. Kwa mfano, alitumia mbao zenye matundu ya maumbo mbalimbali, duara, mraba na pembetatu, na vipande vya kutia katika matundu hayo. Mtoto akikosea, kipande hakiingii; hana haja ya kukemewa, maana ubao wenyewe umemwambia.

Watu walikuwa wamekwisha kuwasahau mabwana hao. Bibi Montessori alikwenda mpaka Paris na London kuona kazi zilizobaki. Baadaye alivigeuza vitabu vyao katika lugha ya Kiitalia na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ili kila neno lipate nafasi ya kuingia moyoni mwake. Kitabu kimoja cha Séguin kilikuwa na kurasa kama 600.

SHULE YA ROMA

Mwaka 1900 ilifunguliwa mjini Roma shule ya kuwafundisha walimu wa watoto wazito, nayo ilikuwa na darasa la watoto wenyewe. Bibi Montessori aliwekwa kuwa mkuu wake pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Wakaletwa watoto kutoka shule ambazo zilikuwa zimewashindwa, na wengine kutoka zile nyumba za wendawazimu.

Alifanya kazi tangu saa mbili asubuhi hata saa moja usiku. Mchana aliwafundisha watoto, na usiku aliandika yale aliyoyaona, akafikiri vitu gani vya kuwafanyizia kesho. Kitu kisichompendeza mtoto alikiacha, hata kama kilimpendeza mwalimu. Kitu ambacho mtoto alikirudia mwenyewe bila kuamriwa, alikishika. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili, naye baadaye aliihesabu kuwa ndiyo shahada yake ya kweli ya ualimu.

Matunda yalionekana. Baadhi ya watoto hao ambao watu walikuwa wamekata tamaa juu yao walijifunza kusoma na kuandika, akawapeleka kufanya mtihani katika shule ya serikali pamoja na watoto wengine, nao wakafaulu. Watu wakastaajabu, wakasema ni mwujiza.

Lakini yeye mwenyewe hakuuita mwujiza. Watu waliposifu maendeleo ya watoto wake, yeye alijiuliza swali jingine: yako mambo gani katika shule za watoto wazima, hata watoto wenye afya na akili kamili wakafikiwa na watoto hawa? Akaona kwamba wanafunzi wake walikuwa wamesaidiwa kuamka, na wale wengine walikuwa wamekalishwa kimya kwenye madawati mpaka akili zao zikalala. Basi akatamani kuvijaribu vitu vyake kwa watoto wote.

Hata hivyo tusidhani kwamba aliwaponya wote. Wako watoto ambao uzito wao haukuondoka, kama yule mvulana wa Aveyron. Bibi Montessori alionyesha kwamba hakuna mtoto asiyeweza kusonga mbele hatua moja kutoka mahali alipo. Wala hakusema kwamba wote watafika pamoja.

HUZUNI YAKE

Katika miaka hiyohiyo Maria Montessori alikuwa na huzuni ambayo watu wachache waliijua. Tarehe 31 Machi 1898 alikuwa amezaa mtoto wa kiume, Mario. Baba yake alikuwa yule Daktari Montesano, lakini hawakuoana. Kwa desturi za siku zile, kama habari ingejulikana, asingeachwa kuendelea na kazi yake. Mtoto akapelekwa kulelewa na watu wa shamba, na mama yake alikuwa akienda kumtazama. Mwaka 1901 Montesano alimwoa mwanamke mwingine, naye Bibi Montessori akaiacha ile shule.

Basi mwanamke huyu aliyewatunza watoto wa wenzake tangu asubuhi hata usiku hakuweza kumlaza wa kwake chini ya dari yake. Ni baada ya kufa kwa mama yake Maria, mwaka 1912, ndipo Mario, akiwa kijana, alipokuja kukaa naye. Baadaye Mario akawa msaidizi wake mkuu.

NYUMBA YA WATOTO

Mwaka 1907 nafasi aliyoitamani ilikuja. Katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma, kampuni moja ilikuwa imetengeneza upya majumba makubwa ya kupangisha. Wazazi walitoka asubuhi kwenda kazini, na watoto wasiotimiza umri wa shule walibaki peke yao, wakapanda na kushuka ngazi na kuchafua kuta. Wenye majumba waliona ni nafuu kuwatafutia mlezi kuliko kupaka kuta rangi kila mara. Wakamwomba Bibi Montessori awaangalie.

Tarehe 6 Januari 1907 chumba kilifunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Waliingia watoto kama hamsini, wenye umri wa miaka miwili hata sita. Wengi walikuwa waoga, wakilia, na nyuso zao hazikuonyesha dalili ya furaha. Hawakuwa wote wazito wa akili, lakini walikuwa wameachwa bila malezi. Bibi Montessori akawaletea vile vitu alivyovitengeneza kwa ajili ya watoto wazito, akaviongeza na kuvirekebisha.

Siku moja alimwona msichana wa miaka kama mitatu akiingiza vipande vya mbao vya mviringo katika matundu yake, vinene na vyembamba. Alipomaliza alivitoa vyote, akaanza tena. Bibi Montessori akawaambia wengine waimbe na kuzunguka. Mtoto hakuinua macho. Akamwinua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake, akaendelea palepale. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha, akatazama huku na huku kwa furaha, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Matajiri walileta wanasesere wa thamani na vyombo vidogo vya kuchezea upishi. Watoto wakavitazama kidogo, wakavirudia vile vitu vyenye mafunzo.

JINSI ALIVYOFUNDISHA KUHESABU

Sasa sikilizeni vizuri, maana huenda mkaona kwamba habari hii yawafaa hata nyumbani kwenu.

Kwanza ziko fimbo kumi za mbao. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 10, ya pili sentimita 20, ya tatu sentimita 30, na kuendelea hata ya kumi, yenye urefu wa mita 1. Kila fimbo imegawanywa kwa rangi, sentimita 10 nyekundu na sentimita 10 buluu, kwa zamu. Mtoto huzitandaza chini na kuzipanga mfano wa ngazi, ndefu mpaka fupi. Akikosea, ngazi huvunjika umbo lake, naye huona mwenyewe.

Labda mtauliza, kwa nini fimbo, na kokoto zipo? Jibu ni hili. Mtoto anapohesabu kokoto tatu, hugusa moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Sisi tunajua kwamba neno tatu ni jina la kokoto zote pamoja. Lakini mtoto mzito hudhani kwamba tatu ni jina la ile kokoto ya mwisho, kama vile Juma ni jina la mvulana mmoja. Ndiyo sababu ukimwambia akupe tatu, hukupa moja tu, au hutwaa kadiri apendavyo. Lakini fimbo ya tatu ni kitu kimoja. Ukiishika, umeishika tatu nzima mkononi. Ni ndefu kuliko mbili, ni fupi kuliko nne. Macho huona, na mkono hupima. Naye akitaka kuhakikisha, huhesabu zile rangi, akakuta moja, mbili, tatu.

Tena fimbo hizo hufundisha kujumlisha kabla mtoto hajalisikia neno hilo. Fimbo ya tisa ikiungwa na ya kwanza, hulingana na ya kumi. Nane na mbili hulingana na kumi. Saba na tatu. Sita na nne. Fimbo ya tano hubaki bila mwenzake, lakini ikilazwa kando ya ile ya kumi, kisha ikapinduliwa mbele, mtoto huona kwamba tano mara mbili ni kumi.

Mwalimu hufundisha majina kwa hatua tatu, naye Bibi Montessori alizipata kwa Séguin. Katika hatua ya kwanza mwalimu hutaja jina la kitu, wala haongezi maneno mengi. Katika hatua ya pili hutaja jina, na mtoto hukichagua kitu. Katika hatua ya tatu mwalimu huonyesha kitu, na mtoto hutaja jina. Kama mtoto amekosa katika hatua ya pili, mwalimu hamkemei wala hamwambii kwamba amekosa. Huacha kwa upole na kurudia siku nyingine. Mtoto mzito akiisha kuaibishwa mara nyingi huogopa kujaribu, na aogopaye kujaribu hajifunzi.

Baada ya fimbo huja tarakimu. Zimekatwa katika karatasi ya msasa na kugandishwa juu ya vibao laini. Mtoto huzifuata kwa kidole chake, kama mtu aandikaye, huku akitaja jina. Hivyo macho, sikio na mkono hujifunza pamoja, na kimoja kikisahau, kingine hukumbusha. Kisha huweka kila tarakimu karibu na fimbo yake.

Halafu kiko kisanduku chenye vyumba kumi, vilivyoandikwa tangu 0 hata 9, na vijiti 45. Mtoto hutia kijiti kimoja katika chumba cha 1, viwili katika chumba cha 2, na kuendelea hata tisa. Kama hakukosa, vijiti vyote humalizika. Kikibaki kimoja, au kikipungua, hujua kwamba yako makosa, naye huyatafuta mwenyewe. Chumba cha 0 hubaki kitupu.

Hiyo sifuri huwasumbua watoto wengi. Bibi Montessori aliifundisha kwa mchezo. Alimwita mtoto aje kwake mara sifuri. Mtoto akaja mbio. Akamwonyesha kwa upole kwamba amekuja mara moja, naye alimwita mara sifuri. Wakaendelea hivyo mpaka watoto wakafahamu, wakakaa kimya mahali pao, wakizuia miguu yao na kucheka kwa furaha kila walipoitwa.

Baadaye alitengeneza shanga za rangi ya dhahabu. Ushanga mmoja ni moja. Shanga 10 zilizotungwa katika waya ni kumi. Nyaya 10 zikiunganishwa huwa mraba wa mia. Miraba 10 ikipangwa moja juu ya nyingine huwa mchemraba wa elfu. Mtoto ashikaye ushanga mmoja katika mkono huu, na mchemraba wa elfu katika mkono ule, huona uzito wake, wala hatasahau tena kwamba elfu si neno tu.

SAFARI NA TAABU ZAKE

Mwaka 1909 aliandika kitabu juu ya kazi yake, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Wageni walikuja Roma kutoka nchi za mbali kuwatazama watoto wa maskini. Naye akaanza kusafiri, akawafundisha walimu Marekani, Hispania, Uingereza na kwingineko.

Katika Italia alitawala Mussolini. Kwanza serikali yake ilizisaidia shule za Bibi Montessori, naye akaupokea msaada huo. Watu wengine wamemlaumu kwa jambo hilo. Lakini serikali ilitaka watoto wafundishwe utii wa kiaskari, naye alitaka wajifunze kufikiri. Mwisho hawakupatana. Mwaka 1934 shule zake zilifungwa, naye akaondoka katika nchi yake. Akakaa Hispania, lakini vita vilipotokea huko mwaka 1936, akakimbilia Uholanzi akiwa mzee wa miaka 65.

Mwaka 1939 alikwenda Bara Hindi pamoja na Mario kuwafundisha walimu katika mji wa Madras. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani kinyume cha Waingereza waliotawala huko, nao wakahesabiwa kuwa watu wa adui. Mario alifungwa, na mama yake akakatazwa kutoka katika mahali alipokaa. Siku alipotimiza miaka 70, Mario alifunguliwa na kurudishwa kwake. Wakakaa katika nchi ile mpaka mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya elfu. Kila mahali alikuta jambo lilelile: watoto wa rangi mbalimbali, na lugha mbalimbali, walizipanga zile fimbo kumi kwa namna moja.

MWISHO WAKE

Siku zake za mwisho alikuwa Noordwijk, mji wa pwani katika Uholanzi. Inasimuliwa kwamba tarehe 6 Mei 1952 alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya safari ya Afrika, katika nchi ya Gold Coast ambayo siku hizi huitwa Ghana, maana alisikia kwamba walimu wanahitajiwa huko. Mario alimwambia kwamba yeye ni mzee, hawezi safari ya namna hiyo. Akatoka chumbani kidogo. Aliporudi, alimkuta mama yake amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka 81. Akazikwa papo hapo Noordwijk, mbali na nchi aliyozaliwa.

Hakufika Afrika, lakini kazi yake imefika. Leo katika Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi ziko shule za watoto wadogo zifuatazo njia yake, na watoto hupanga ngazi ya fimbo nyekundu na buluu kama walivyofanya wale wa Roma.

Nanyi mnaosoma habari hii, tazameni nyumbani kwenu. Labda yuko mdogo wenu ambaye watu husema ni mzito, hajui kuhesabu, asisumbuliwe. Msimcheke. Kateni matete kumi, la kwanza lenye urefu wa shibiri moja, la pili shibiri mbili, na kuendelea. Yapakeni mkaa na udongo mwekundu kwa zamu, kila shibiri rangi yake. Mpeni mkononi ayapange. Kaeni karibu naye, mwe na subira, nyamazeni, mtazame. Akikosea leo, rudieni kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Bibi Montessori alipata shida gani alipojifunza udaktari?
2. Kwa nini watoto waliokota makombo ya mkate sakafuni?
3. Watoto wazito walipofaulu mtihani, Bibi Montessori alijiuliza nini?
4. Eleza kwa nini fimbo ya tatu humsaidia mtoto mzito kuliko kokoto tatu.
5. Kisanduku kile kina vijiti 45. Jumlisha tangu 1 hata 9, uone kama ndivyo.
6. Tengenezeni fimbo kumi za matete, kisha mwonyesheni mwalimu njia zote za kupata kumi.